Mkono wa Mama Mezani pa Bwana

Mama yangu alimwogopa Mungu. Najua maneno hayo yamechakaa. Husemwa kwenye kila msiba, hata kwa marehemu ambaye kijiji kizima kinajua zizi lake lilijaaje. Lakini mama alimwogopa Mungu kwa mwili wake, kwa magoti na kwa meno, watu wakamwona akimwogopa, na kwa sababu walimwona nusura wamuue. Hilo ndilo ninalotaka kusimulia. Nitasimulia kwa hasira, maana miaka yote hii sijapata namna nyingine.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo na bati, asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Mchungaji alikuwa na makanisa mengine ya kuhudumia, kwa hiyo Meza ya Bwana ilikuja mara chache kwa mwaka. Juma la Meza lilipofika, nyumba yetu ilibadilika. Mama alianza kunyamaza mapema. Hakugombana na mtu wala na kuku. Alifua kanga zake akazianika ndani, ili vumbi la ng'ombe lisizifikie, na Jumapili yenyewe hakuweka kitu kinywani. Hakuna aliyemwagiza. Kanisa letu halina sheria ya kufunga kabla ya Meza, na mimi nilikuwa nakunywa uji wangu mbele yake bila wasiwasi.

Tulipiga magoti mbele, safu kwa safu. Mchungaji alipita na mkate, mzee wa kanisa akafuata na kikombe. Kilikuwa kimoja tu, cha bati lililopakwa rangi nyeupe, kipana, chenye ukingo wa bluu uliobanduka hapa na pale. Miaka ile ya maduka matupu ndani yake mlikuwa na maji mekundu ya maua ya choya yaliyochemshwa na mke wa mzee wa kanisa. Soko huria lilipoingia tukaanza kupata sirapu nyekundu ya chupa. Kila mtu alikunywa funda moja akampa jirani yake. Zamu ya mama ilipofika alianza kutetemeka. Mikono ilitangulia, yakafuata mabega, kisha kidevu, na mimi niliyekuwa kando yake nilisikia meno yakigonga ukingo wa kikombe. Alikunywa kwa shida, akanipa. Mimi nilikunywa, nikafuta midomo, nikawaza madaftari ya wanafunzi yaliyonisubiri nyumbani.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anatetemeka hivyo. Alinieleza kwamba alipokuwa binti mdogo baba yake alimchukua kwenda kwa mtemi kupeleka maziwa. Langoni aliona wanaume wazima, wenye wake na ng'ombe, wakijitupa chini na kupiga makofi, nyuso zikitazama mavumbi.

"Na yule alikuwa mtu tu," mama alisema. "Anakula ugali, anaumwa tumbo. Ninyi mnakwenda kwa aliyemuumba, mnatafuna kama mko hotelini."

Alicheka mwenyewe. Mama hakuwa mtu wa huzuni, naomba lieleweke hilo. Alikuwa na utani mwingi na mdomo mkali, na alikuwa akiwaiga wazee wa kanisa mmoja mmoja wanavyotembea.

Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu miti ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tunapikia miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa na mavi makavu ya ng'ombe. Mwanamke aliyepuliza moto huo tangu utoto, akifika uzeeni macho yake hayawezi kuwa meupe. Kila mtu analijua hilo. Na kila mtu aliyelijua, katika miaka ile, aliweza kulisahau kwa siku moja akihitaji mtu wa kumlaumu. Ajuza mwenye macho mekundu alikuwa mchawi, na mchawi alikatwa mapanga nyumbani kwake. Sitii chumvi. Tulizika wanawake wa namna hiyo, na waliowaua wakati mwingine walikuja kushika sepetu.

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeachika, nimerudi kuishi na mama. Nyumba ya wanawake wawili bila mwanamume, yenye macho yale mekundu ndani yake. Nilipaswa kuogopa mapema zaidi, lakini nilidhani kanisa ni ukuta.

Mwaka ule mvua iligoma. Ushirika ulikuwa hoi, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao wakati waliotaka, wakanunua kwa aliyewapendeza. Wakala wao kijijini alikuwa jirani yetu, ndiye huyo mzee wa kanisa aliyeshika kikombe. Mjukuu wake aliugua homa. Zahanati haikuwa na dawa. Dawa zilikuwa kwenye maduka mjini, zimepangwa vizuri nyuma ya kioo, na mtoto alifia njiani juu ya baiskeli. Mtoto mzuri, mcheshi, aliyekuwa akija kwetu kuomba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama alilia msiba ule mpaka sauti ikakauka.

Baada ya msiba mzee wa kanisa alienda kwa mganga. Hakusema, lakini mambo hayo hayafichiki. Mganga akampa jibu ambalo waganga walikuwa wanalitoa kila mahali mwaka ule: tazama karibu, tazama mwanamke.

Kisha ikaja Jumapili ya Meza. Mke wa mzee wa kanisa, bibi wa yule mtoto, alipiga magoti upande wa kushoto wa mama, ndiye atakayepokea kikombe baada yake. Mama alikishika akaanza kutetemeka kama siku zote, ila siku ile ilizidi. Nadhani alikuwa anamwombea mtoto. Kikombe kiliyumba, kile kinywaji chekundu kikamwagika juu ya kitambaa cheupe na juu ya mikono ya yule mwanamke, na yule mwanamke akapiga ukelele akairusha mikono yake kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. Nyuma kabisa, sauti ya kiume ikasema, wala si kwa kelele:

"Damu imemkataa."

Maneno mawili. Mtu aliyeyasema sikuwahi kumjua, na nimemtafuta akilini mwangu mara nyingi nimpige kofi. Watu wote pale walikuwa wamemwona mama akitetemeka tangu wakiwa watoto. Walikuwa wakimsifu, wakisema huyu mama ana Roho. Siku ile, kwa pamoja, wakaelewa upya kile walichokuwa wamekiona miaka yote: kumbe hakuwa anaabudu, alikuwa anaungua. Mchawi hawezi kushika damu ya Yesu, mikono yake inagoma. Lilikuwa kosa lililopangika vizuri kichwani, na ndiyo maana hakuna aliyelitilia shaka. Mtu asiyesali asingeweza hata kulifikiria. Lilihitaji Wakristo.

Meza iliyofuata, nafasi ya kushoto kwa mama ilibaki tupu. Hakuna aliyetaka kunywa baada yake. Watu walisogea, wakapishana kwa heshima, wakakohoa, wakajikuta safu nyingine. Nilihama upande nikapiga magoti pale penye nafasi, nikapokea kikombe kutoka mkononi mwake, nikanywa funda kubwa kuliko la haki yangu, nikawatazama. Baada yangu kikombe kilirudi mezani. Safu nyingine wakaletewa bilauri kutoka nyumbani kwa mchungaji.

Mchungaji wetu alikuwa kijana msomi, mpole, na mwoga. Hakusimama madhabahuni kusema kwamba mama yule si mchawi. Alitafuta njia ya kupita pembeni. Alitangaza kwamba kwa ajili ya afya, kwa kuwa magonjwa yamekuwa mengi, kanisa litaacha kikombe kimoja na kununua vikombe vidogo, kila mtu na chake. Waumini walikubali kwa kauli moja. Sijaona jambo la kanisa likipita haraka vile, hata choo tulikijadili zaidi. Mzee wa kanisa akaenda mjini na lori la pamba, akarudi na katoni. Ndani mlikuwa na vile vibilauri vinene vya kunywea pombe kali, vya kumeza kwa mkupuo mmoja; soko huria lilikuwa limevijaza madukani. Fundi seremala akachonga sinia la mbao lenye matundu, kila tundu na kibilauri chake. Nilicheka, nikamwambia mama tumegeuzwa baa. Mama hakucheka.

"Kikombe kimoja kilikuwa kinatuambia kitu," alisema. "Sasa kila mtu na kilabu chake."

Kibilauri kimoja kilikuwa na pengo ukingoni. Hicho ndicho kilichowekwa kila mara kwenye tundu la pembeni, upande wa mama. Aliendelea kutetemeka nacho, kinagongagonga meno yake, na nyuma watu walisimama kwenye viti ili waone vizuri.

Kabla ya Pasaka baba mdogo alikuja. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, mtu mzima, mwenye ng'ombe na sauti kwenye mikutano. Ilikuwa mchana. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mama akapiga magoti kumsalimu.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, yaani ni amani tu, na uso wake haukuwa na amani yoyote.

Nilimletea maji. Aliyashika bila kunywa, akamwambia mama moja kwa moja, na mpaka leo namheshimu kwa hilo: vijana wamekwisha kuzungumza. Watatazama Meza ya Pasaka. Ukishika kibilauri ukanywa kama mtu, maneno yamekwisha, mimi mwenyewe nitasimama niyazime. Ukitetemeka, sina uwezo.

"Nisipokwenda?"

"Usipokwenda umekiri."

Nikaropoka kwamba nitampeleka Ipililo kwa dada yake, kesho, kwa lori la kwanza. Baba mdogo alinitazama kwa huruma. "Akikimbia watakuja kwako wewe, mwanangu. Unajua wanavyosema. Mama hafi na vitu vyake, humwachia binti."

Mama aliinua kichwa. Nilimwona akinitazama, macho yale mekundu yakipita usoni mwangu polepole, na nikajua kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajali sana kufa. Alikuwa na umri wake, alikuwa na Mungu wake. Sasa alikuwa na jambo la kujali.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa moja: mkono wa mama usitetemeke. Nilipata vidonge vya kutuliza kwenye duka la dawa mjini. Alikataa, akasema hawezi kwenda mezani amelewa. Nikanunua kibilauri kama vile vya kanisani. Nikachemsha choya ikawa nyekundu kabisa. Nikamwambia apige magoti sakafuni kwetu, nikamletea juu ya sahani, nikijisikia mjinga na mwenye dhambi, lakini zaidi nikiwa na hofu.

Alikishika. Mkono ulikuwa imara kama wa fundi cherehani. Alikunywa, akanirudishia, hakikugonga hata sahani.

"Umeona?" nilisema. Nilikuwa karibu kulia. "Mayu, unaweza!"

"Haya ni maji ya choya."

"Na ile ni sirapu ya dukani! Imeandikwa kwenye chupa!"

"Ni sirapu mpaka aje," mama alisema. "Akija, mikono si yangu tena. Ningekuwa najitetemesha mwenyewe ningeacha, ng'wanone. Kwani napenda kufa?"

Nilipandisha sauti. Nilimwambia basi ajifanye hayupo. Dakika moja tu, ajifanye kanisani hakuna mtu isipokuwa wale wazee na sinia lao. Mama aliniangalia, na aliniuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeomba kufundishwa kazi asiyoijua:

"Wewe huwa unafanyaje?"

Niliokota kibilauri nikaenda kukiosha.

Pasaka kanisa lilijaa kuliko tulivyowahi kuliona. Walikuja hata wasiosali. Madirisha yetu hayakuwa na fremu, na kwenye kila dirisha walisimama vijana, viwiko vikiwa juu ya matofali, wametulia kama watu waliofika mnadani mapema. Wengine nilikuwa nimewafundisha kusoma. Mchungaji alihubiri juu ya kaburi tupu huku akijifuta jasho, akamaliza upesi. Alijua. Wote walijua, na wote walikuwa wamevaa nguo nzuri.

Tulienda mbele. Nilipiga magoti kando ya mama, bega langu likiligusa bega lake ili nisikie likianza. Mkate ukapita. Sinia likaja, mzee wa kanisa akalishikilia mbele yake, mikono yake mwenyewe si imara sana. Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo. Nilisikia mtikisiko mdogo ukianzia chini, mgongoni, kama unavyousikia kwa ng'ombe kabla hajainuka.

Kisha ukakoma. Hakuupunguza wala hakuuzuia kwa nguvu, ningehisi misuli ikikaza. Ulikoma tu. Bega lake likawa bega. Alifumbua macho, akanyoosha mkono akachukua kile kibilauri chenye pengo, akakipeleka kinywani, akanywa, akakirudisha kwenye tundu lake. Hakuna tone lililomwagika.

Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele. Wengine wakampokea, kwaya ikaanza wimbo bila kuongozwa, na nilipogeuka vijana walikuwa wakiondoka madirishani mmoja mmoja, wengine wakicheka kwa aibu. Mke wa mzee wa kanisa alimkumbatia mama akalia begani kwake. Baba mdogo alisimama, kama alivyoahidi, akasema neno. Mimi nililia kwa furaha mbele ya watu wote wala sikuona haya. Nilikuwa nimempata mama yangu akiwa hai. Tulichinja jogoo. Baba mdogo alikula vizuri, mama akasema hana njaa, na mimi nikadhani ni uchovu.

Maneno juu ya mama yalikufa siku ile. Lakini yaliyokuwa yakiyalisha hayakufa. Kabla ya mavuno, ng'ambo ya mto, walimkata mapanga bibi mmoja aliyekuwa akifinyanga vyungu. Hakuwa Mkristo. Hakuwa na Meza ya kujaribiwa wala kibilauri cha kumtetea. Mama alikwenda mazishini, akarudi akakaa jikoni na moshi wake mpaka jioni.

Aliendelea kwenda Mezani kila ilipotangazwa. Hakufunga tena. Alikunywa uji pamoja nami asubuhi, akavaa kanga yoyote iliyokuwa safi, akapiga magoti, akanywa, akainuka. Watu walimpenda. Walimpa nafasi ya kuwaombea watoto wagonjwa, wakamwita mama wa kanisa, na alikubali vyote kwa adabu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kitandani kwake, jambo ambalo wanawake wengi wa rika lake hawakulipata.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi baada ya ile Pasaka, tumekaa nje tunamenya viazi vya michembe, ndipo nilipolitaja. Nilikuwa na furaha siku hiyo, nilitaka kumtania.

"Siku hizi umezoea, mayu. Unakunywa kama mwalimu."

"Sijazoea," alisema.

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakiweka kwenye ungo, akachukua kingine.

"Siku ile nilimsikia anakuja. Karibu kuliko siku zote. Nikamwomba asije. Nikamwambia, nina mtoto, naomba leo usije."

Nilimuuliza Mungu alifanyaje.

"Alinisikia," mama alisema. "Tangu hapo nimemwita sana."